Makapu, matembezi, zamu ya ghalani au masazo ya shambani: benki ya chakula isaidiwe vipi?

Vikundi vingi vinavyotaka kuisaidia benki ya chakula huchagua tukio kwanza, kisha ndipo huuliza benki yenyewe imepungukiwa nini. Matokeo yake, ghala lililojaa unga hadi darini linaletewa unga zaidi huku lori lake limeegeshwa kwa kukosa dizeli. Na lile lenye tani mbili za karoti zilizoanza kulainika linaletewa hundi ya mfano yenye upana wa mlango, pamoja na mpiga picha.

Benki ya chakula si mahali pa watu kupanga foleni na vikapu. Ni ghala lililo katikati. Upande mmoja wamo wakulima, viwanda, supamaketi na wafadhili. Upande wa pili yamo makao ya watoto, shule, zahanati na vikundi vya mtaani vinavyowafikia wenye njaa. Mfano wa kwanza ulianzishwa Phoenix, Arizona, mwaka 1967 na John van Hengel. Nchini Kenya kazi hiyo inafanywa na Food Banking Kenya, mwanachama wa mtandao wa Global FoodBanking Network, ambayo sehemu kubwa ya inachokusanya ni mazao mabichi kutoka mashambani na kwenye vituo vya kufungashia mboga za kuuzwa nje. Benki ya aina hii inaweza kukosa vitu vinne: chakula kikavu, fedha, mikono ya kazi, na njia ya kuyafikia mazao mabichi kabla hayajaoza. Kila tukio kati ya manne yanayolinganishwa hapa linaziba pengo moja vizuri, na mengine kwa taabu.

Vipimo vya kulinganishia

Kila njia imepimwa kwa mambo matano. La kwanza ni kinachobaki ghalani baada ya kutoa gharama. La pili, pesa ambazo kamati itazitoa mfukoni kabla ya lolote kuingia. La tatu, watu na muda, pamoja na saa za kazi baada ya siku yenyewe, ambazo karibu kila kamati husahau kuzihesabu. La nne, hatari za kiafya na za kisheria. La tano, msimu: je, msaada utafika wakati rafu ni tupu, au wakati kila mtu analeta?

Kipimo hiki cha tano kina uzito kuliko kinavyoonekana. Desemba na Ramadhani ghala hupokea mengi. Januari, karo ikishalipwa na mifuko kukauka, wanaoomba huongezeka na wanaoleta hupungua. Hali hurudi kuwa ngumu kati ya Mei na Julai, mahindi ya mwaka uliopita yakiwa yamekwisha maghalani na yale ya Bonde la Ufa yakiwa bado shambani. Tukio dogo la Februari au Juni huwa na faida kuliko kubwa la wiki ya Krismasi.

Kabla ya kuchagua, pigieni benki simu na muulize maswali haya: vitu gani vitano vimepungua sasa? Mnapokea siku gani na saa ngapi? Mna nafasi ya kiasi gani? Mna gari, au tulete sisi? Nani atatia sahihi ya kupokea? Umri wa chini wa mjitoleaji ni miaka mingapi? Dakika kumi za simu zitakata nusu ya ubishi wa kamati.

1. Makapu ya vyakula: supamaketi, shule, kanisa, msikiti

*Kinachofika ghalani.* Chakula kikavu kilichofungwa kiwandani. Ni vyema kujua uzito wake halisi kilishe. Pakiti moja ya unga ya kilo 2, kilo 1 ya maharagwe na nusu lita ya mafuta vinatoa takriban kilokalori 14,600. Kwa kipimo cha dharura cha kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, hicho ni chakula cha mtu mmoja kwa wiki moja, au cha familia ya watu watano kwa muda usiofika siku moja na nusu. Ukitaka kuilisha familia hiyo wiki nzima, andaa kilo 12 za unga, kilo 2 za mchele, kilo 3 za maharagwe, lita 1 ya mafuta na kilo 1 ya sukari. Kamati ikiahidi "kulisha familia mia" iweke hesabu hii mezani kwanza, maana hizo ni kilo 1,200 za unga peke yake: bela 50 zenye pakiti 12 kila moja.

*Pesa ya kuanzia.* Kidogo. Karatasi zilizochapishwa, katoni ngumu, utepe wa gundi, kalamu za wino mzito, mizani ya kukodi na gari la jioni. Pikapu ya tani moja inabeba bela 41, ambazo ni kilo 984, na hapo imefika mwisho. Ya 42 isubiri safari ya pili.

*Watu na muda.* Kwa mlango mmoja wa supamaketi panga zamu mbili za saa nne, watu wanne kila zamu: wawili mlangoni wakigawa karatasi, mmoja kwenye kapu baada ya malipo, mmoja wa kupima na kuandika. Karatasi igawiwe watu *wanapoingia*. Anayeombwa akiwa anatoka ameshalipa na ameshafunga pochi. Karatasi yenyewe iwe na vitu vitano tu, vilivyotajwa na benki, kwa ujazo: "unga wa mahindi kilo 2", si "unga". Orodha ndefu huzaa kapu lenye pakiti tatu za tambi, chupa ya sosi na chumvi kilo arobaini. Baada ya kufunga mlango bado kuna saa tatu za kupanga, na hizo ziwe na watu wake, kwa kuwa waliosimama mchana kutwa watakuwa wamechoka.

*Hatari.* Kubwa ni mahindi na nafaka zisizofungwa. Mwaka 2004 aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, chanzo kikiwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haiondoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha, na mahindi yaliyochafuka yanaweza kuonekana safi kabisa machoni. Kiwango kinachokubaliwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na mahindi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, vyote viwili vinahitaji vipimo ambavyo meza ya kanisani haina. Kwa hiyo gorogoro (kopo la kupimia nafaka) la mahindi kutoka nyumbani, hata likiletwa kwa moyo mweupe, lisipokelewe. Mshukuru mwenye nalo na umwombe pakiti siku nyingine.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yasiwekwe kwenye orodha hata kidogo. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayoyadhibiti, na sababu yake ni ya kitabibu: yakichanganywa na maji machafu au kuzimuliwa ili yatoshe, mtoto anaugua. Kataeni pia chupa za kioo, vyakula vya kupikwa nyumbani na pakiti yoyote isiyobakiwa na angalau miezi miwili. Ghala linahitaji muda wa kupokea, kupanga na kusafirisha kabla tarehe haijapita.

Jambo dogo linaloharibu mengi: sabuni. Pakiti za unga zikilala usiku mmoja katoni moja na sabuni ya kufulia, ugali utakuwa na harufu ya sabuni. Tenganisheni tangu kwenye kapu. Chakula kikilazimika kulala kwenu, kiwe juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni na nusu mita kutoka ukutani, ili panya waonekane na hewa ipite.

*Msimu.* Desemba na Ramadhani hujaa. Kwa misikiti kuna la kuzingatia: zakatul-fitri ina wenye haki yake na muda wake, yaani kabla ya swala ya Idi. Pishi hizo zisitiwe kwenye kapu la jumla linalokaa ghalani wiki tatu. Sadaka ya kawaida haina kikwazo hicho, imamu atawaongoza.

*Inawafaa nani.* Shule, jumuiya ndogondogo, misikiti na mitaa: mahali penye watu wengi wenye kidogo kila mmoja. Haiwafai walio wachache wenye fedha. Hao wakinunua pakiti kwa bei ya rejareja ili kuzipeleka ghalani, benki ingenunua zaidi kwa jumla kwa shilingi zilezile.

2. Matembezi ya hisani na harambee

*Kinachofika ghalani.* Fedha, na fedha ndizo zinazolipa yale ambayo hakuna mtu huyatia kapuni: dizeli, kodi ya ghala, umeme wa chumba cha baridi, kreti, mshahara wa karani wa stoo. Benki yenye fedha Novemba inaweza kununua magunia ya nafaka ya kilo 90 wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kuyatunza hadi Juni.

Ila kiasi kinachofika hutegemea kabisa jinsi tukio lilivyopangwa, na hapa ndipo makamati huanguka. Tuseme watembeaji ni 200 na kila mmoja analipa shilingi 500 za kujiandikisha. Hizo ni 100,000. Fulana kwa shilingi 350 kila moja zinakula 70,000. Ambulansi, maji na vipaza sauti vinakula 25,000. Benki ya chakula inabakiwa na 5,000 na picha nyingi. Ondoa fulana, weka utepe wa kufunga mkononi, na hesabu inapanda hadi karibu 75,000. Kisha mpe kila mtembeaji kadi ya kuchangiwa: akipata watu kumi wa shilingi 200, watu haohao 200 wanaleta 400,000, na ada ya kujiandikisha inabaki ya kulipia gharama tu. Kadi ndiyo injini ya matembezi. Fulana ni pambo, na anayetaka pambo alipiwe na mdhamini.

*Pesa ya kuanzia.* Nyingi kuliko njia zote, na zinatoka kabla ya senti kuingia. Gharama ikizidi moja ya tano ya lengo, punguzeni tukio au ahirisheni.

*Watu na muda.* Wiki sita hadi nane za maandalizi. Siku yenyewe, kwa njia ya kilomita 10, panga maji kila kilomita 2.5, watu wawili kwenye kila makutano, na gari moja nyuma ya mtembeaji wa mwisho. Baada ya hapo kuna mwezi wa kufuatilia ahadi. Anayeahidi kwenye kipaza sauti mbele ya umati huahidi kwa furaha, na hulipa akikumbushwa. Ahadi isiyolipwa wiki mbili za kwanza mara nyingi hailipwi tena.

*Hatari.* Ni za kisheria na za uaminifu. Msafara barabarani unahitaji taarifa ya maandishi kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, kwa mujibu wa Sheria ya Utulivu wa Umma. Kuchangisha umma nako kuna sheria yake, Sura ya 106 ya Sheria za Kenya, inayodai leseni. Ulizeni ofisi ya naibu kamishna wa kaunti ndogo yenu mapema, hata kama mnachangisha vitu badala ya fedha.

Kuhusu uaminifu, kuna dawa moja rahisi. Fedha zisipite kwenye simu ya mtu. Tumieni Paybill (namba ya kulipia kwa M-Pesa) ya benki ya chakula yenyewe, na jina la tukio liwe ndiyo namba ya akaunti, mfano MATEMBEZI6. Benki hiyo ya chakula itatoa taarifa ya kilichoingia kwa jina hilo, na mweka hazina wenu atalala usingizi. Fedha taslimu zikiwepo, zihesabiwe na watu wawili papo hapo na kutumwa siku hiyohiyo.

*Msimu.* Hufaa wakati wowote, kwani fedha hazina panya wala fukusi. Epukeni Aprili na Novemba kwa sababu ya mvua, na wiki ya kufungua shule.

*Inawafaa nani.* Vyama, makampuni, wahitimu wa shule moja, makanisa makubwa: wenye mtandao wa marafiki na angalau mtu mmoja aliyewahi kushika hesabu za tukio. Kikundi kipya cha watu kumi kisianzie hapa.

3. Zamu ya kujitolea ghalani

*Kinachofika ghalani.* Mikono. Chakula hakiongezeki, ila kilichopo kinakuwa tayari kutoka. Kazi ni kupokea, kukagua, kupanga kwa tarehe, kupima, kuandika na kufungasha.

Ukaguzi una kanuni ambazo mjitoleaji anaweza kufundishwa kwa robo saa. Kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye mshono litoke. Lililobonyea kidogo ubavuni libaki. Pakiti ya unga iliyochanika mfuko wa ndani itoke. Iliyochubuka karatasi ya nje ifungwe kwa utepe na ipelekwe mapema. Ukiona fukusi kwenye pakiti moja, fungua katoni nzima na uitenge na nyingine. Rafu zipangwe ili kinachoisha mapema kikae mbele, hata kama kililetwa jana na kile cha nyuma kimekaa mwezi.

*Pesa ya kuanzia.* Karibu hakuna: nauli, glavu, vifuniko vya nywele, chai. Baadhi ya maghala huyaomba makampuni mchango kidogo kwa kila mfanyakazi anayeletwa. Kuna wanaonung'unika, lakini ombi hilo ni la haki. Kuwapokea watu 30 kunamtoa msimamizi kwenye kazi yake siku nzima.

*Watu na muda.* Zamu nzuri ni saa tatu. Chini ya hapo hakuna linalofanyika. Tarehe 18 Julai, Siku ya Mandela, vikundi hutoa dakika 67 za kujitolea. Ondoa dakika 20 za maelekezo ya usalama, kumi za kuvaa na kuvua, kumi za picha, uone kinachobaki. Uwiano unaofaa ni msimamizi mmoja kwa watu 10 hadi 12. Kikundi cha 60 kwenye ghala la watu 20 huishia kusimama vipenuni kikipiga soga, na afadhali kigawanywe zamu tatu.

Meza ya kufungashia ipangwe kwa mstari: katoni tupu, vizito chini (unga, maharagwe), vya kati (mchele, sukari), mafuta yakiwa yamesimama wima pembeni, karatasi ya orodha, mkaguzi, utepe, mizani. Mkaguzi asiwe na kazi nyingine. Mizani ndiyo humsaidia: kila katoni ikiwa na vitu sawa, ile inayopungua uzito imekosa kitu, na inarudishwa bila kufunguliwa zote.

*Hatari.* Mgongo na miguu. Bela ya kilo 24 iliyo sakafuni inyanyuliwe na watu wawili, viatu viwe vya kufunika vidole, na njia ya mkokoteni wa paleti iachwe wazi wakati wote. Mwenye kuhara, kutapika au mafua makali abaki nyumbani. Kazi ya chakula kilicho wazi, kama kugawa mchele kutoka gunia kubwa, iachiwe wenye cheti cha afya. Picha ni suala lingine: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu pia sura ya mtu, kwa hiyo anayekuja kupokea chakula asipigwe picha bila ridhaa yake. Tena hata akiridhia, ridhaa ya mwenye njaa mbele ya anayemlisha ni ridhaa ya namna gani?

*Msimu.* Baada ya Krismasi na baada ya Idi ghala huwa limejaa vitu vilivyochanganyika, na wajitoleaji wamekwisha kurudi kazini. Zamu ya wiki ya pili ya Januari ni ya dhahabu.

*Inawafaa nani.* Makampuni yanayotaka siku ya pamoja, wanafunzi waliotimiza umri, wastaafu, na mtu mmoja asiye na kikundi. Kwa maoni yetu, watu sita walewale kila Jumamosi ya pili wana manufaa kuliko sitini wa siku moja, kwa kuwa hawahitaji kufundishwa upya na msimamizi anaweza kuwaachia meza.

4. Kuokota masazo: shambani, sokoni, kwenye vituo vya kufungashia

*Kinachofika ghalani.* Mboga na matunda, kwa uzito ambao makapu hayaufikii. Mishiri (maharagwe mabichi ya kijani) iliyopinda, parachichi dogo kuliko kipimo cha soko la Ulaya, karoti zenye vidole viwili, kabichi zilizozidi soko wiki ambayo kila mtu amevuna. Hivi vyote ni chakula kizima kilichokosa sura au mnunuzi. Kreti 60 za kilo 20 ni tani 1.2. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu kwa siku, hizo ni sehemu 3,000 za siku moja. Kapu la supamaketi lenye unga na mafuta halina hata moja ya hizo.

*Pesa ya kuanzia.* Ya wastani, na karibu yote ni usafiri na kreti. Usikubali magunia kwa nyanya, pilipili hoho au parachichi. Yaliyo chini yatapondeka na kuoza, na uozo hupanda. Magunia yawe ya viazi na kabichi tu. Kama benki ina lori, gharama yenu inashuka hadi dizeli na chakula cha mchana.

*Watu na muda.* Watu 10 hadi 15 wanaoweza kuinama saa tatu. Fika shambani kabla ya saa moja asubuhi na malizeni kuvuna kabla ya saa nne, kabla jua halijatia joto majani. Sukuma wiki, mchicha na dania vikishakatwa vikae kivulini, chini ya gunia lililoloweshwa, na viwe jikoni kwa mlaji jioni hiyo au kesho yake asubuhi. Karoti, kabichi na viazi vinavumilia siku kadhaa. Sokoni, iwe Wakulima kule Nairobi au Kongowea Mombasa, muda wenu ni mwisho wa biashara ya jumla, wafanyabiashara wanapoona kilichobaki hakitafika kesho. Huko mpatane na wenye vibanda siku moja kabla na muwaachie kreti zenu. Anayefika ghafla na mfuko huchukuliwa kama mwokotaji wa jaani.

Hatua inayorukwa mara nyingi ni ya mwisho wa safari. Kabla gari halijaondoka kwenda shambani, pawe na majina ya makao na shule zitakazopokea, kila moja na idadi ya kreti na saa. Tani moja ya spinachi ikifika kwenye ghala lisilo na chumba cha baridi saa kumi jioni ya Jumamosi, Jumatatu ni mbolea, na mmelipa dizeli ya kuhamisha taka.

*Hatari.* Swali la kwanza kwa mkulima: umenyunyiza dawa lini, na dawa gani? Kibandiko cha kila dawa kina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Zikiwa hazijatimia, rudini, hata kama lori limeshafika. Viazi vilivyogeuka kijani vina sumu isiyoondoka kwa kupika, vitupwe. Tunda lililobonyea linafaa. Lenye ukungu halifai, hata ukikata upande. Andikianeni na mkulima karatasi fupi: shamba gani, zao gani, tarehe, na kwamba halitauzwa. Hofu yake kuu ni kulikuta zao lake sokoni kesho likimharibia bei, na hofu hiyo ina msingi.

*Msimu.* Hufuata mvua na masoko. Simu ya mkulima haitoi notisi ya wiki mbili. Huja Alhamisi kwa ajili ya Jumamosi. Kikundi kisichoweza kukusanyika kwa siku mbili kitakosa zaidi ya kitakachopata.

*Inawafaa nani.* Vijana, vyuo vya kilimo, skauti, vikundi vya Kiambu, Nakuru, Kirinyaga na Nyandarua vilivyo karibu na mashamba. Walio katikati ya jiji bila gari wachague soko, au njia nyingine.

Kwa walioko Marekani na Uingereza

Uwiano unabadilika. Marekani, sheria ya Bill Emerson ya mwaka 1996 inamkinga anayetoa chakula kwa nia njema, hivyo viwanda na maduka hutoa kwa wingi, na mara nyingi benki huhitaji mikono kuliko makopo yenu. Zamu huandikishwa kwenye tovuti ya benki, na kila moja huweka umri wake. Uingereza, benki nyingi za mtandao wa Trussell hutoa kifurushi cha siku tatu kwa aliyeelekezwa na daktari, shule au ofisi ya ushauri. Kwao makapu bado ndiyo uti wa mgongo.

Msemaji wa Kiswahili ana kitu ambacho ghala haliwezi kununua. Wakimbizi wa Kongo na Burundi wanaokuja kupokea hupewa makopo wasiyoyajua. Karatasi moja ya Kiswahili ukutani inayosema kopo lipi lina nyama ya nguruwe na namna ya kupika kila kitu, pamoja na mkalimani wa saa tatu siku ya ugawaji, hupunguza chakula kinachotupwa nyuma ya jengo. Kama benki inauliza inunue nini, tajeni unga mweupe wa mahindi, maharagwe makavu, mchele na dagaa.

Chagua kwa hali yenu

Mko watu wengi, mifuko midogo, na duka kubwa liko karibu: makapu, siku moja, vitu vitano, Februari au Juni.

Mna watu wachache wenye kipato na marafiki wengi kwenye simu: kadi za kuchangiwa, na matembezi yawe mafupi. Kama hamna aliyewahi kuandaa tukio la barabarani, acheni barabara. Chakula cha mchana baada ya ibada chenye kadi zilezile huleta fedha bila ambulansi.

Mna muda lakini hamna fedha, au uko peke yako: zamu ya ghalani, kila baada ya wiki mbili, kwa angalau miezi mitatu.

Mna gari na vijana, na shamba liko ndani ya saa moja: masazo. Anzeni na zao gumu kama karoti au viazi. Majani yaje mkishajua njia.

Benki imesema ina chakula tele ila kimekwama: msilete kitu. Lipeni safari ya lori, au tumeni watu sita wa kufungasha.

Kamati imegawanyika kati ya mbili? Zipo zinazokaa pamoja vizuri. Makapu ya Jumamosi yakifuatwa na zamu ya ghalani Jumamosi inayofuata, waliokusanya ndio wanaopanga, na kasoro za orodha yao wanaziona wenyewe. Kadi za kuchangiwa zinaweza kulipia kreti na dizeli ya masazo. Matembezi na makapu siku moja havipatani: watembeaji hawabebi unga, gari la nyuma linajaa, na anayeleta pakiti huona ameshatoa, hivyo kadi yake inarudi tupu.

Lolote mtakalochagua, siku ya kukabidhi mdai hati ya kupokea yenye uzito au kiasi, tarehe na sahihi, na mbaki na nakala. Mwakani kamati mpya itaanzia hapo badala ya kukisia.